Duathloni ya kwanza: okoa miguu kwa mbio ya pili

Duathloni ni kukimbia, kupanda baiskeli, afu unashuka unakimbia tena. Ile ya kawaida ni kilomita 10 za mbio, 40 za baiskeli na 5 za mbio, fupi yake (sprinti) ni 5, 20 na 2.5. Kama hujawahi kabisa anza na sprinti, inatosha sana.

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi nilikijua nikiwa nimeshaumia. Kwenye triathloni (kuogelea, baiskeli, afu mbio) mikono ndo inafanya kazi kubwa majini, miguu inapumzika kidogo, ila huku miguu ni hiyohiyo mwanzo mwisho, kwahiyo ukiimaliza kwenye mbio ya kwanza utalipa baadae. Mi mara ya kwanza niliondoka na wale wa mbele, nikajiona niko vizuri, kwenye baiskeli nikazidi kukanyaga, nilivoshuka tu misuli ya nyuma ya miguu ikakaza na zile 2.5 nyingi nilizitembea. Iliniuma mno. Mbio ya kwanza kimbia kwa spidi ambayo bado unaweza kusema sentensi fupi, watu watakupita, waache, wengi utawakuta mbele.

Kwenye mazoezi, kama tayari unakimbia kimbia, jipe wiki 8 hadi 12. Kwa wiki mbio mara tatu, baiskeli mara mbili, na hapo hakikisha siku moja unaunganisha, yaani unapiga baiskeli dakika 45 ukishuka tu unakimbia dakika 15, usikae, usiangalie simu. Siku za mwanzo miguu itakua mizito kama sio yako, hatua hazitaki kufunguka, ni kawaida, baada ya dakika kadhaa inaachia na kadri unavorudia inaachia mapema. Piga hatua fupi za harakaharaka mpaka mwili ukubali. Afu kila baada ya wiki mbili fanya yote matatu kwa udogo, mfano kimbia kilomita 3, baiskeli 12, kimbia 2. Zoezi la kuunganisha likikosekana hayo mengine hayatakusaidia sana, nasema kweli.

Kingine kinachookoa miguu ni gia. Usikanyage gia nzito kwa nguvu, tafuta nyepesi inayokupa mizunguko ya pedali kama 85 mpaka 95 kwa dakika, na ile kilomita ya mwisho ya baiskeli lainisha zaidi.

Baiskeli yoyote nzima inafaa kuanzia. Angalia breki, upepo, mnyororo, na ujue kuziba pancha au kubadili tyubu mwenyewe. Viatu vya kubana kwenye pedali sio lazima, ukiendesha na raba zako za kukimbilia unaokoa muda wa kubadili.

Sehemu ya kubadilishia, pale baiskeli zinapotundikwa na unapotoka mbio kwenda baiskeli na kurudi, ndo watu wanapigwa adhabu kizembe. Helmeti inavaliwa na kufungwa kabla hujaigusa baiskeli, na ukirudi haifunguliwi mpaka baiskeli iwe imetundikwa mahali pake. Kutoka hupandi baiskeli kabla ya kuvuka mstari uliowekwa, na kurudi unashuka kabla ya kuufikia mstari. Fanyia mazoezi nyumbani hata mara ishirini mpaka mikono ijue yenyewe. Soma pia sheria za shindano lako kuhusu kujificha upepo nyuma ya mwenzako, kuna mashindano inaruhusiwa na kuna mengine ni kosa.

Kula masaa mawili matatu kabla, chakula ambacho tumbo lako linakijua. Sprinti maji yanatosha kwa wengi, ile ndefu utahitaji wanga kama gramu 30 hadi 60 kwa saa, na uuchukue ukiwa kwenye baiskeli maana ukikimbia tumbo linasumbua. Chochote kipya, iwe jeli (ile ya wanga ya kunyonya), raba au soksi, kijaribu mazoezini, siku yenyewe hapana.

Wiki ya mwisho punguza mazoezi kama nusu ila bakisha spidi kidogo, vinginevyo miguu inalala. Siku ya shindano fika mapema, tembea kutoka baiskeli yako ilipo mpaka milango ya kutokea na kuingilia, ukiikariri njia hutazunguka unatafuta baiskeli mapigo yakiwa juu. Ukimaliza usikae chini, tembea dakika kama kumi, kunywa, na namba yako usiitupe, mara nyingi bila hiyo baiskeli hawakupi.