SOMO: Hesabu za kushika kwa mikono, mtoto wa miaka 3 hadi 5

Naulizwa kila mara: "Mwanangu anataja namba hadi ishirini, mbona nikimwomba vijiko vitatu ananiletea vyote?" Kwa sababu kutaja namba ni wimbo, kuhesabu ni kazi nyingine. Naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Vifaa: vifuniko vya chupa vya rangi mbili, kikombe, na trei ya mayai iliyokatwa ibaki na matundu 10, safu mbili za matano.

1. Kuchambua. Atenge vifuniko kwa rangi, kisha kwa namna anayoitaka mwenyewe.

2. Kulinganisha bila namba. Kila kikombe kipate kijiko chake. Kipi kimebaki?

3. Kuhesabu kwa kusogeza. Hapa ndipo wengi wanaharibu, someni taratibu. Mtoto akinyoosha kidole tu, ataruka kifuniko kimoja na kingine atakihesabu mara mbili. Kwa hiyo akisogeze: kinatoka kushoto, kinakwenda kulia, namba moja kwa kila kifuniko. Akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Usimwambie amekosea. Hesabu wewe, "moja, mbili, tatu," kisha zungushia mkono vifuniko vyote useme, "Vitatu!" Halafu geuza: "Nipe vitatu." Hicho ndicho kipimo.
ONYO: usiende kwenye vinne kama vitatu bado vinayumba. Usimshike kidole umsukumie. Na usianze na namba za kuandikwa.

4. Kuona kwa jicho. Funua vifuniko viwili au vitatu, funika haraka, aseme ni vingapi.

5. Trei. Jaza safu ya juu kwanza. Saba ataiona kuwa ni safu nzima na viwili vya ziada.

6. Kuficha. Vipo vitano, vingine viingie chini ya kikombe, vionekane vitatu. Vilivyofichwa ni vingapi? Mchezo huu naupenda kuliko yote, maana kutoa kunaanzia hapa.

Dakika kumi zinatosha. Akichoka, acheni.

MASWALI

Baba Mpya: Sijasoma yote, ila wangu ana miaka 3 na hajui kuandika 5. Nifanyeje?
Jibu: Soma hatua ya 3, onyo la mwisho.

Mama Mapacha: Wangu wana miaka miwili, naweza kuanza?
Jibu: Hatua ya 1 na ya 2 tu, tena kwa vitu vikubwa. Kitu kinachopita ndani ya bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Vifuniko vya chupa vinapita. Viweke mbali.

Mgeni: Kuhesabu kwa vidole si kumdumaza? Kuna mwalimu anakataza.
Jibu: Hapana, na sitabadilisha jibu. Vidole ni vifuniko ambavyo havipotei. Ataviacha mwenyewe asipovihitaji.

Mwalimu wa Chekechea: Ahsante kwa somo. Nina mtoto anayenipa kimoja, viwili, vitatu bila shida. Nikisema vinne, anachota tu. Kwa nini palepale?
Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Hadi vitatu jicho linatambua lenyewe bila kuhesabu. Kuanzia vinne jicho linalemewa, inabidi ategemee kuhesabu, na aamini kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Usimfundishe "nne" kama neno jipya. Weka vitatu, aseme "vitatu", ongeza kimoja mbele ya macho yake, ahesabu. Kisha ondoa hicho kimoja. Rudia. Akishaelewa, vitano na sita kwa kawaida havichukui muda.

Mwalimu wa Chekechea: Nitajaribu kesho. Na michezo ya ubao?
Jibu: Ndiyo! Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha utafiti mwaka 2008: watoto waliocheza kwenye ubao wa visanduku vyenye namba 1 hadi 10 vilivyopangwa mstari mmoja waliimarika, waliocheza kwenye ubao wa rangi tupu hawakuimarika. Chora wako kwenye boksi. Ila akiwa kwenye 3 na anasogea mara mbili, aseme "nne, tano", asiseme "moja, mbili".

Mama Mapacha: Sisi tunahesabu ngazi tukipanda.
Jibu: Safi. Mkishuka, hesabuni kurudi nyuma.