Namna ya kwenda mkutano wa kampeni na kurudi nyumbani na akili zako

Kula kwanza. Kula kwako, ushibe, iwe ugali kwa sato au kwa dagaa, maana mwenye njaa hasikilizi sera, anasikiliza harufu. Zamani sheria yenyewe ilimruhusu mgombea kukukirimu, ikiitwa takrima. Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na karamu ikaisha. Kwenye makaratasi, namaanisha. Mzee Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA alipopata jina nchi nzima kwa sera yake ya ubwabwa, watu walivunjika mbavu. Mimi nilimpa heshima yake: aliutaja ubwabwa hadharani, kipaza sauti mkononi.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na viwanja vya mikutano vya Furahisha si mbali na meza yangu. Nimekwenda mikutano ya vyama vyote na fulana za vyama vyote ninazo, zote napigia deki. Ipi inanyonya maji kuliko mwenzake ni siri yangu na ndoo.

Gari la matangazo likipita litakuambia saa 8 mchana. Usilisikilize. Kampeni sharti zifungwe saa 12 jioni, kwa hiyo wewe piga hesabu kinyumenyume. Kuna DJ, kuna wasanii, kuna ngoma, kuna utambulisho wa wageni, ambapo hata aliyeleta viti atasimamishwa apungie mkono. Mgombea anapanda jukwaani jua limeshaelekea ziwani, anaongea akiangalia saa. Nenda saa 10. Kama unataka muziki nenda saa 8, ni haki yako, ila usirudi mtaani ukasema ulikwenda kusikiliza sera.

Kuhusu hao wasanii, nisikilize vizuri. Mwaka 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waliufungia wimbo wa bongo fleva uliobeba jina la mji wetu, kwa matusi yaliyokuwamo. Waliouimba wakaja kuuimba hapa hapa Mwanza, nao wakafungiwa. Nilifurahi sana, nikasema afadhali. Uchaguzi wa 2020 ukafika, majukwaa ya kampeni yakajaa bongo fleva mpaka mgombea akawa anatafuta pa kusimama. Kumbe kiuno kinachoharibu watoto mwaka huu, mwakani kinahamasisha maendeleo. Tangu hapo nimerudi kwenye msimamo wa bibi yangu: mtoto analelewa na mama, shangazi na jirani mwenye jicho kali. Ukilikabidhi baraza la serikali kazi hiyo, litaifanya mpaka uchaguzi ukikaribia.

Usisimame karibu na spika. Tafuta walipo akina mama waliokuja na vigoda vyao, ukae nao. Pale ndipo hotuba inapochambuliwa hapohapo, sentensi kwa sentensi, na hakuna kibaka anayethubutu. Simu iweke kifuani. Kama ni mwanaume, mpe mkeo.

Sasa usikilizaji wenyewe. Mtu akiniletea gunia la dagaa siangalii wa juu. Wa juu siku zote ni wazuri, weupe, wamekauka, wamepangwa kwa macho yangu. Nazamisha mkono mpaka kiwiko, natoa wa chini, nawasugua viganjani. Kama walianikwa kwenye chanja, mikono inabaki na magamba tu. Kama walianikwa chini, mchanga unakudondokea miguuni na muuzaji anaanza kukuulizia habari za watoto. Hotuba nayo ipime hivyo. "Tutahakikisha", "mchakato uko mbioni", "serikali yenu sikivu", hao ni dagaa wa juu. Wewe zama chini, tafuta vitu vitatu: pesa zinatoka wapi, mkandarasi ni nani, na lini.

Usidhani nasema ahadi zote ni mchanga. Daraja la Kigongo–Busisi tuliahidiwa, na leo tunapita. Sisi tuliozoea kukaa kwenye foleni ya kivuko, samaki wanaoza kwenye barafu inayoyeyuka na dereva amelala, tunajua maana yake. Lakini angalia lilivyokuja: jiwe la msingi Desemba 2019, likafunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, nguzo moja baada ya nyingine, marais wawili. Katika miaka yote hiyo sikusikia fundi yeyote akisaidiwa na wacheza shoo.

Ukirudi, usipande bodaboda langoni, bei imepanda pamoja na mgombea. Tembea kidogo.

Halafu kuna mkutano mwingine, na huu ndio nilitaka uende kuliko wote: wa mtaa wako. Kijana wa dada yangu, anayenisaidia kupakia magunia, anawajua wacheza shoo wa msanii wake kwa majina, na anajua nani kagombana na nani. Mwenyekiti wake wa mtaa alimjua siku alipohitaji barua ya utambulisho, akazunguka akiuliza nyumba. Novemba 27, 2024 tulipochagua wenyeviti, yeye alilala. Nilipomgombeza akaniambia, "Shangazi, hapakuwa na shamrashamra." Sasa hapo ndipo mimi na yeye hatuelewani. Yule wa jukwaa kubwa nitamwona tena baada ya miaka mitano, kwa mbali, kwenye vumbi. Mwenyekiti anapita mbele ya meza yangu, dagaa zangu anakopa, mtaro ukiziba najua mlango wa kugonga.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda na kigoda chako, maana viti hakuna, wala maji, wala fulana. Kaa mbele. Wakimaliza habari za usafi na ulinzi shirikishi, nyoosha mkono uombe msomewe mapato na matumizi. Watakuambia muda umekwisha. Waambie huna haraka, chakula umeshakula nyumbani.