Dodoso lako lapima kweli unachotaka?

Sikiza bana, kabla hujasambaza dodoso la mitazamo pale chuoni Tudor, Mombasa, kaa kwanza na wanafunzi watano hivi, kila mmoja asome swali kwa sauti akwambie yeye ameelewa nini, maana neno "msongo" la vitabuni mtoto wa Likoni aweza kulisikia vingine kabisa. Hapo ndo utashtuka. Weka na maswali ya kugeuza, yasemayo kinyume cha mengine, ili wale wa kutiki "nakubali" mpaka chini wajulikane. Alfa ya Cronbach, namba inayokokotolewa kutoka kwa majibu (ya 1951 hiyo), watu huitaka ifike 0.7, lakini yaonyesha tu maswali yaenda pamoja, sio uhalali, yaani kama dodoso lapima kweli unachotaka, wengi huchanganya hapa! Kuujua uhalali, linganisha alama zako na dodoso jengine la mtazamo huohuo.