Somo: Kufuata amri ya gavana kutoka Dar es Salaam hadi Ugogo

Wenzangu, historia ya gavana wa kikoloni hapa kwetu Ugogo, nchi ya Wagogo, msiianzie kwenye picha yake ukutani. Ianzieni nyumbani, kwenye risiti ya kodi ya babu. Ya babu yangu ilikuwa ndani ya kopo la chai, imekunjwa mara nne, mikunjo imelika hadi mwanga unapenya. Mwaka bado unasomeka: 1936.

Hatua ya 1. Soma mwaka. Gavana wa kwanza wa Kijerumani, von Soden, alianza 1891. Waingereza waliiteka Dodoma Julai 1916, na Horace Byatt akawa gavana wao 1920. Ya babu ni zama za Harold MacMichael.

Hatua ya 2. Uliza nani alikuja kudai. Hapa msikimbie. Gavana hakubisha hodi kwenye tembe. Aliyekuja ni mpembamoto, kiongozi mdogo wa kijijini, jirani anayejua una ng'ombe wangapi na umewaficha kwa shemeji yupi. Yeye aliwajibika kwa mtemi, yaani chifu, na mtemi kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Utaratibu huo Gavana Donald Cameron aliutungia sheria mwaka 1926. Lawama zikamwangukia mtemi, ndugu yetu, na mwenye amri yuko pwani hatumwoni. Kwangu huo ndio uchungu wa ofisi ile.

Hatua ya 3. Panda ngazi ya mamlaka: DC, PC (mkuu wa jimbo) wa Jimbo la Kati hapa Dodoma, gavana, kisha Waziri wa Makoloni, London.

MASWALI (na mahali muulizaji anakotoka)

Mvumi: Shikamoo mwalimu. Makao ya gavana yaliwahi kuwa Dodoma?
Jibu: Marahaba. Hapana, yalikuwa Dar es Salaam, kwa Wajerumani na kwa Waingereza. Uamuzi wa kuhamia Dodoma tuliufanya wenyewe, 1973.

Kongwa: Mradi wa karanga wa 1947 ulikuwa wa gavana?
Jibu: Ulitoka London, serikali ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita. Gavana Battershill aliupokea tu, na ulipofutwa 1951 aliyekuwepo ni Twining. Udongo wenu ukikauka hugeuka saruji. Mgogo yeyote angewaambia Waingereza hao, wala hakuulizwa.

Bahi: Mwalimu, sisi hatuna risiti hata moja.
Jibu: Basi muulize bibi kuhusu Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi ya pande zote mbili za Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza, kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Akitaja nani wa ukoo alizaliwa au alizikwa wakati huo, andika. Umeshapata mwaka wa kuanzia.