Namna ya kuwatembeza wageni kwenye mabanda ya mifugo

Nafuga Kigamboni, na wikiendi napokea familia zinazovuka na pantoni kutoka Magogoni. Mgeni wa mjini hotuba haimkai. Kinachomkaa ni alichokiona na kukigusa. Pita naye hivi.

Hatua ya 1: Muda. Waite saa moja na nusu asubuhi. Ikifika saa tano kuku wanaachama midomo na kuhema, kwa sababu hawatoi jasho, na mgeni atajua wanaumwa.

Hatua ya 2: Mlangoni. Weka beseni lenye dawa ya kuua vimelea, kila mtu akanyage. Uliza nani anafuga kuku kwake. Huyo haingii banda la kuku, achungulie wavuni. Ugonjwa wa mdondo husafiri na soli za viatu, na kuku wasiochanjwa wanaweza kuteketea karibu wote. Wapo watakaonuna. Wanune.

Hatua ya 3: Mbuzi. Hapa usiwe na haraka. Chagua jike mpole, mshike chini ya taya, umpandishe mdomo wa juu taratibu. Meno ya mbele yako chini tu. Juu ni ufizi mgumu. Watoto watapiga kelele kwamba kang'olewa. Sasa wahesabu ya chini: ni 8. Mawili ya katikati yakiwa mapana kuliko mengine, mbuzi ana mwaka mmoja na ushee. Yote yakiwa mapana, ana miaka minne hivi. Ndivyo wanunuzi wanavyokagua umri pale mnada wa Pugu.

Waonyeshe na mboni, imelala kama tundu la kibubu, inamsaidia kuona upana mkubwa bila kugeuza kichwa. Akilala kucheua, watazame koo: donge linapanda, analitafuna, linashuka tena. Tafadhali usiwaambie ana matumbo manne. Tumbo ni moja, lina vyumba vinne.

Hatua ya 4: Kuku na bata. Yai la kuku huanguliwa kama siku ya 21. La bata mwenye vinundu vyekundu usoni huchukua kama siku 35. Halafu uliza nani kwao hupewa firigisi. Kina baba wakishacheka, eleza kazi yake: kuku hana meno, humeza changarawe, na firigisi ndiyo inayosaga.

Hatua ya 5: Sungura. Mtoto akae chini, sungura umweke mapajani. Usimbebe kwa masikio. Shika kifua na makalio pamoja, maana akirusha mateke ovyo anaweza kujivunja mgongo. Mkono uje kwa ubavuni, mbele ya pua yake haoni. Akila kinyesi chake laini msishtuke, anakipitisha tumboni mara ya pili apate virutubisho vilivyobaki.

Hatua ya 6: Mikono. Maji yanayotiririka na sabuni, watu wazima pia. Chai na mihogo vitoke baada ya hapo, mbali na mabanda.