Mpishi wa majumbani Dar: kupata wateja na kujibu "bei gani?"

Mwongozo huu ni kwa anayejua kupika tayari na anataka kupika majumbani mwa watu kwa malipo. Usajili wa jina la biashara BRELA, TIN (namba ya mlipa kodi) na kupima afya malizana navyo kwanza, havina siri.

1. Uza vitu vitatu tu

Ukiandika "napika vyakula vyote", mteja anasoma "hana anachokijua". Chagua mlo wa wageni (watu 6 hadi 12), mapishi ya wiki (unaenda siku moja, unaacha vyakula vitano kwenye friji na friza), na kimoja cha msimu. Cha msimu ni futari, au Desemba kwa familia zinazorudi nyumbani kutoka nje. Futari itangaze Shaabani; mwezi ukishaandama, kila nyumba imeshajipanga. Kinacholipa kodi ya nyumba ni mapishi ya wiki, maana mteja mmoja ni oda nne kwa mwezi.

2. Picha

Simu inatosha. Piga karibu na dirisha, saa nne asubuhi au saa kumi jioni, na uzime taa ya jikoni kwa sababu inaweza kufanya tui lionekane kijani. Subiri mvuke upungue, vinginevyo lenzi inaingia ukungu. Pilau ni adui wa kamera: ikijaa sahani nzima inakuwa kilima cha kahawia. Pakua kidogo, tupia vitunguu vya kukaanga juu, weka kachumbari pembeni. Picha za kuokota mtandaoni usithubutu. Mteja atakuuliza ile sahani nyeupe iko wapi.

3. WhatsApp Business

Weka vile vitu vitatu kwenye katalogi, kila kimoja na bei ya kuanzia. Halafu kuna mtego: orodha ya matangazo (broadcast) inachukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Stetasi ni hivyohivyo, lazima mmehifadhiana. Unaweza kutuma mwezi mzima ukadhani watu wanakupuuza, kumbe hakuna kinachofika. Dawa yake ni kuomba uhifadhiwe pale chakula kikiwa mezani na watu wanasifia: "Mama, nihifadhi, Ijumaa naweka menyu ya wiki." Kadi za kuchapisha zinaishia kwenye droo.

4. Kujibu "bei gani?"

Hapa ndipo wateja wengi wanapotea. Ukijibu "inategemea", ameondoka. Ukimwaga maswali matano kabla ya kutaja shilingi, ameondoka pia. Jibu la kwanza liwe na bei ya kuanzia na maswali matatu: watu wangapi, mtaa gani, siku gani. Akishajibu, mtumie hesabu iliyokamilika kwa maandishi, hata kama yeye ametuma sauti. Maandishi atamfowadia baba anayelipa. Sauti ya dakika mbili hakuna atakayeisikiliza. Mfano (bei weka za kwako):

"Asante dada. Watu 8, Jumamosi mchana, Mbezi Beach: samaki wa kupaka, wali wa nazi, mchicha, kachumbari. Ufundi 90,000. Usafiri 15,000. Sokoni 95,000, nitakuletea karatasi ya manunuzi. Jumla 200,000. Kuna mtu asiyekula kitu fulani?"

Usiunganishe pesa ya sokoni na ufundi, yaani malipo yako ya kupika. Upepo wa kusi ukikaza, samaki wa soko la Feri wanapungua na bei inapanda usiku mmoja. Ukiwa umetaja jumla moja, ongezeko linatoka mfukoni mwako na huna pa kulidai. Kwa bei iliyotenganishwa, unampigia ukiwa sokoni: kolekole imepanda, tuongeze pesa au tuchukue samaki aina ya changu? Wengi wanaongeza, na wanapenda kuulizwa.

Akisema atanunua mwenyewe, kubali, ila mpe orodha yenye kilo. "Mafungu matatu ya nyanya" kila soko lina fungu lake. Mwambie samaki asikatishwe vipande, maana wa kupaka anataka kupasuliwa mgongoni, na kuku wa friza ashushwe kwenye friji jana yake usiku. Ongeza saa moja kwenye ratiba yako hata hivyo. Kuna mchele wa kuchambua.

Akiomba punguzo, ondoa chakula kimoja kwenye menyu, ufundi usiguse. Bei inasafiri pamoja na sifa: aliyekulipa ufundi 50,000 atamwelekeza jirani, na jirani atakuja na 50,000 hiyohiyo mkononi. Mchicha ukiondoka, hakuna anayepeleka habari hizo mtaani.

Malipo ya awali ni sokoni pamoja na usafiri, hapa 110,000, kwa Lipa Namba kabla hujatoka nyumbani. Ufundi unalipwa chakula kikishatengwa. Bila ya awali usiende Feri, samaki harudishwi.

5. Ramani ya Google

Jisajili kama biashara inayomfuata mteja, ficha anwani, taja maeneo unayofika. Uthibitisho mara nyingi unaombwa kwa video isiyokatwa: onyesha mtaa, vifaa vyako, na karatasi yenye jina la biashara. Matangazo ya kulipia Instagram yaache hadi uwe na maoni kumi ya wateja. Kabla ya hapo unalipia watu waje kukagua ukurasa mtupu.

6. Dada wa kazi

Mwenye nyumba anakuita mara ya kwanza. Kama utaitwa ya pili, dada wa kazi ana kauli. Akiona umekuja kuchukua nafasi yake, gesi itaisha katikati ya biriani na hakuna atakayejua mtungi wa akiba uko wapi. Msalimie kwanza, muulize sufuria ipi inaungua chini, mpakulie sahani yake kabla ya kuosha vyombo. Jiko uliache safi kuliko ulivyolikuta, pamoja na kile kifuniko cha blenda chenye mpira unaoshika kitunguu saumu.

7. Baada ya siku tatu

Ujumbe mmoja: "Kilichobaki kiliisha?" Ofa isubiri. Akisema watoto wamemaliza samaki, hapohapo mpe tarehe mbili za Jumamosi zilizo wazi.