Jinsi ya Kuomba Ruhusa ya Kutafuta Vitu vya Kale katika Kaunti ya Suffolk, na Kutoa Taarifa ya Hazina Kisheria

Kaunti ya Suffolk, iliyoko mashariki mwa Uingereza kando ya Bahari ya Kaskazini, ina mashamba ambayo kwa karne nyingi yamekuwa yakitoa mali za waliotangulia. Mwaka 1939, katika matuta ya makaburi ya Sutton Hoo karibu na mji wa Woodbridge, mwanaakiolojia Basil Brown alifukua alama za meli yenye urefu wa mita 27 hivi iliyozikwa pamoja na vitu vya mtu mkubwa wa karne ya 7. Huko Mildenhall mkulima aliibua vyombo vya fedha vya Kiroma kwa plau, na huko Hoxne, mwaka 1992, zilipatikana sarafu za dhahabu na fedha zipatazo 15,000. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi, mwanafunzi au mgeni anayetaka kutafuta vitu vya kale katika kaunti hiyo kwa kitambua metali, au ambaye ameokota kitu cha kale bila kukusudia na hajui pa kukipeleka. Sheria haimdai awe na shahada ya akiolojia. Inachomdai ni kuomba ruhusa kabla ya kuanza na kutoa taarifa baada ya kupata, kwa sababu kitu cha kale kikishatengwa na mahali kilipolala bila maandishi yoyote, sehemu kubwa ya habari zake hupotea na hairudi.

Hatua ya kwanza: ruhusa ya mwenye ardhi

Kila kipande cha ardhi Uingereza kina mwenyewe, hata kama ni malisho ya wazi, kingo za njia ya waenda kwa miguu au bustani ya halmashauri. Mwombaji anapaswa kumtambua mwenye ardhi huyo na kumwandikia barua, na ikiwa shamba limekodishwa, ni lazima mpangaji naye akubali. Barua nzuri hutaja jina na anwani ya mwombaji, shamba analolitaka, tarehe atakazokuja, na jinsi atakavyofukia mashimo na kufunga mageti ya mifugo. Aghalabu watu huishia kwenye ruhusa ya mdomo, nami nashauri wasifanye hivyo. Kwa sheria ya Uingereza, kitu kilichokutwa ardhini ambacho si hazina (maana ya neno hili kisheria imo katika hatua ya nne) huwa mali ya mwenye ardhi, na kikiwa hazina, tuzo, yaani fedha inayolipwa kwa ajili yake, hugawanywa kati yake na aliyekipata. Kwa hiyo ni vyema mgawanyo huo uandikwe na kutiwa saini na pande zote kabla jembe halijagusa udongo, wakati ambapo hakuna dhahabu mezani ya kubadilisha mioyo ya watu.

Hatua ya pili: kuhakikisha eneo halina ulinzi maalumu

Ruhusa ya mwenye ardhi pekee haitoshi pale ambapo eneo limeorodheshwa na taifa kuwa la kale na la kulindwa. Sheria ya mwaka 1979 kuhusu maeneo ya kale inakataza kutumia kitambua metali katika maeneo hayo bila kibali cha maandishi, na kuivunja ni kosa la jinai. Orodha ya taifa, pamoja na ramani zake, hutunzwa na taasisi ya Historic England na husomwa bure mtandaoni. Ikiwa shamba limo ndani ya mpaka wa eneo la namna hiyo, mwombaji hupeleka maombi kwa Historic England ya kibali kinachotajwa katika kifungu cha 42 cha sheria hiyo. Katika maombi hueleza jina la eneo na namba yake kwenye orodha, sababu ya kutaka kulichunguza, vifaa atakavyotumia, ridhaa ya mwenye ardhi, na mahali vitu vitakapohifadhiwa baadaye. Mwombaji asitarajie kibali kwa sababu ya kupitisha wakati; mwenye nafasi nzuri ni yule mwenye mradi wa utafiti uliopangwa vizuri, hasa akiwa na wanaakiolojia wanaomsimamia.

Baada ya orodha ya taifa, ifuatwe kumbukumbu ya kaunti. Idara ya Akiolojia ya Halmashauri ya Kaunti ya Suffolk hutunza rejista ya kila eneo, jengo na kitu cha kale kinachojulikana, na sehemu kubwa yake inapatikana kwenye tovuti ya Suffolk Heritage Explorer. Humo kila eneo limepewa alama ya herufi tatu za parokia likifuatiwa na namba, na mtu akishaizoea alama hiyo huweza kusoma historia ya kijiji kizima kwa jioni moja. Kwa hati za kale, ramani za zaka (fungu la kumi la kanisa) na daftari za makanisa, aende kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti katika jengo la The Hold mjini Ipswich, lililofunguliwa mwaka 2020.

Jambo moja husahaulika sana Suffolk. Kaunti hii ilikuwa na viwanja vingi vya ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mabaki ya ndege ya kijeshi iliyoanguka hulindwa na sheria ya mwaka 1986, hivyo kuyachimbua kunahitaji leseni ya Wizara ya Ulinzi. Anayekuta bomu au kitu kinachofanana na bomu asikiguse. Aondoke na kuwapigia polisi. Polisi huitwa vilevile pale mifupa ya binadamu inapoonekana.

Hatua ya tatu: kazi shambani

Mtafutaji anashauriwa kubaki kwenye tabaka la juu la udongo ambalo tayari limeshapinduliwa na plau, kwa kuwa chini yake ndipo yalipo matabaka ambayo hayajavurugwa. Kila kitu kiwekwe kwenye mfuko wake, na juu ya mfuko iandikwe tarehe pamoja na namba ya gridi ya ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa. Namba yenye tarakimu nane huonyesha mraba wa mita kumi kwa kumi, nayo ichukuliwe kuwa kiwango cha chini. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kutoa iliyo sahihi zaidi. Kitu kisisuguliwe wala kupakwa mafuta, kwani uchafu unaoonekana hauna maana huenda ni kitambaa, mbao au ngozi iliyohifadhiwa na kutu ya chuma.

Akiona vitu vingi pamoja, au kitu kinachozama chini ya udongo wa plau, asimame. Historia ya Suffolk inaonyesha wazi tofauti kati ya kusimama na kutosimama. Vyombo vya Mildenhall, likiwemo sinia kubwa lenye uzito unaozidi kilo nane, viliibuliwa wakati wa vita na mkulima Gordon Butcher, vikachukuliwa na mwajiri wake, Sydney Ford, na kukaa nyumbani kwa Ford hadi mwaka 1946, serikali ilipopata habari. Hakuna mwanaakiolojia aliyeviona vikiwa ardhini, na mabishano kuhusu mahali hasa vilipotoka yameendelea miaka mingi. Eric Lawes, kwa upande wake, aliingia shambani Hoxne tarehe 16 Novemba 1992 kutafuta nyundo ya rafiki yake mkulima iliyopotea. Alipoanza kuona vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu aliacha kuchimba, akawaarifu polisi na wenye ardhi, ambao walikuwa ni halmashauri ya kaunti yenyewe. Wanaakiolojia walifika siku iliyofuata, wakakuta sehemu kubwa ya hazina ikiwa bado imelala ilivyopangwa, na hivyo wakaweza kuonyesha kwamba ilifungashwa ndani ya sanduku la mbao. Miongoni mwa vitu hivyo mlikuwa na vyombo vya fedha vya kutilia pilipili manga, kiungo kilichosafirishwa kwa pepo za msimu kutoka India kuvuka Bahari ya Hindi, nasi tuliokulia pwani yake tunaweza kukikisia harufu. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum.

Hatua ya nne: kupima kama kitu ni hazina

Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 ndiyo inayotawala Uingereza na Wales. Uskoti ina utaratibu wake tofauti kabisa. Chini ya sheria hiyo, kitu cha metali kisicho sarafu ni hazina kikiwa na umri wa miaka 300 au zaidi na angalau asilimia 10 ya uzito wake ikiwa dhahabu au fedha. Sarafu huhesabiwa zikiwa mbili au zaidi kutoka sehemu moja, zenye umri huohuo na kiwango hichohicho cha dhahabu au fedha. Zikiwa za shaba au metali nyingine hafifu, zinatakiwa zifike kumi. Vitu viwili au zaidi vya metali yoyote vya nyakati za kabla ya Waroma, vikikutwa pamoja, ni hazina, na kila kilichoambatana na hazina, hata kama ni chungu cha udongo, huhesabiwa pamoja nayo.

Tangu tarehe 30 Julai 2023 limeongezwa kundi jingine: kitu chenye umri wa miaka 200 au zaidi, chenye metali angalau kwa sehemu, ambacho kinatoa ufahamu wa kipekee kuhusu historia, akiolojia au utamaduni wa taifa au wa eneo. Mtafutaji hawezi kuamua peke yake kama kitu chake kimo katika kundi hilo. Asijaribu, ampelekee mtaalamu.

Hatua ya tano: kutoa taarifa ndani ya siku 14

Taarifa hutolewa kwa afisa mchunguzi wa vifo (kwa Kiingereza coroner) wa wilaya husika. Msomaji asishangae: ofisi hiyo, iliyoanza karne ya 12, ilikuwa tangu zamani ikimlindia mfalme mapato yake, hazina zikiwemo, na kazi hiyo haikuondolewa kamwe. Muda ni siku 14 tangu siku ya kupata kitu, au tangu siku mtafutaji alipotambua kwamba huenda ni hazina. Anayenyamaza bila udhuru wa kuridhisha anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, kutozwa faini, au vyote viwili.

Kwa vitendo, njia rahisi ni kumwendea afisa wa kaunti anayeshughulikia vitu vilivyookotwa na umma, ambaye kwa Suffolk hufanya kazi chini ya Idara ya Akiolojia ya halmashauri. Afisa huyo ni sehemu ya mpango wa taifa uitwao Portable Antiquities Scheme, ulioanza mwaka 1997 na ambao tayari umeandikisha vitu zaidi ya milioni 1.5. Yeye ndiye humjulisha mchunguzi wa vifo kwa niaba ya mtafutaji. Kitu kikikabidhiwa, mtafutaji adai stakabadhi yenye maelezo ya kitu, mahali kilipopatikana, na majina ya mwenye ardhi na mpangaji. Stakabadhi hiyo itunzwe mpaka mwisho wa safari.

Hatua ya sita: uchunguzi, thamani na tuzo

Wataalamu huandika ripoti, kisha makumbusho huulizwa kama yanakitaka kitu hicho. Yakikosekana, serikali hukiachia. Mwenye ardhi hupewa siku 28 za kupinga kisirudishwe kwa aliyekipata. Likitokea jumba la makumbusho linalokitaka, mchunguzi wa vifo huitisha shauri, ambalo kwa kawaida huendeshwa bila wazee wa baraza, na wote wenye maslahi huarifiwa na wana haki ya kuhudhuria na kuuliza maswali. Shauri la Sutton Hoo, lililosikilizwa tarehe 14 Agosti 1939, lilitegemea sheria ya kale iliyouliza kama aliyezika mali alikusudia kurudi kuichukua. Kwa kuwa hakuna anayemzika mfalme kwa nia ya kumfukua, vitu vilihesabiwa kuwa vya Edith Pretty, mwenye shamba, naye akavitoa vyote zawadi kwa British Museum. Sheria ya 1996 iliondoa swali hilo la nia kwa dhahabu na fedha ya umri uliotajwa hapo juu.

Baada ya shauri, mtaalamu wa kujitegemea hukadiria bei ya soko. Pande zote hutumiwa makadirio hayo na kupewa nafasi ya kutoa maoni au kuleta makadirio yao wenyewe, kisha Kamati ya Kuthamini Hazina humshauri waziri. Jumba la makumbusho hulipa kiasi hicho, na malipo hayo ndiyo tuzo. Ikiwa mtafutaji alikuwa na ruhusa na hakuna mapatano mengine, hupata nusu na mwenye ardhi nusu. Aliyeingia shamba la mtu bila ruhusa anaweza kupunguziwa fungu lake au kunyimwa lote, nayo ni haki, kwani wezi wa usiku wamewahi kuharibu mashamba ya Rendlesham, makazi ya wafalme wa Waanglo-Saksoni waliotawala Uingereza baada ya Waroma, kabla wenye shamba hawajaialika idara ya kaunti kufanya utafiti wa taratibu kuanzia mwaka 2008. Mwanaakiolojia aliyepata kitu akiwa kazini hastahili tuzo. Mwenye kustahili anaweza pia kusamehe fungu lake, jambo ambalo husaidia sana jumba dogo la kaunti lisilo na fedha za kutosha.

Utaratibu wote huweza kuzidi mwaka mmoja, na mtafutaji asichoke kuuliza kwa maandishi, akitaja namba ya hazina iliyopewa kitu chake.

Vitu visivyo hazina, na kuvitoa nje ya nchi

Kishikizo cha shaba, sarafu moja ya Kiroma au kigae cha chungu kilichotengenezwa Ipswich enzi za Waanglo-Saksoni si hazina. Kuviandikisha ni hiari, lakini afisa yuleyule huvipokea, huvipima, huvipiga picha na kumrudishia mwenyewe, na mahali halisi palipotolewa kitu huonyeshwa hadharani kwa namna isiyo kamili ili kuwazuia wezi. Mtu anayetaka kusafiri na kitu cha kale kilichotoka katika udongo wa Uingereza, hata kama amekimiliki kihalali, aulize kwanza kama kinahitaji leseni ya kusafirisha nje. Maombi hayo hupelekwa Arts Council England, baraza la sanaa la Uingereza, yakiambatanishwa na picha, maelezo ya kitu na uthibitisho wa jinsi kilivyopatikana.